Bendi kongwe ya metalikoo inakuja jijini: jinsi ya kuiona laivu ukafaidi, afu urudi mzima

Haya, tangazo umeliona, bendi uliyoanza kuisikiliza ukiwa bado shule inakuja jijini, mzuka umepanda na kidole kiko kwenye kitufe cha kununua tiketi. Subiri kidogo tuongee. Shoo ya bendi kongwe ya metalikoo siyo sawa na shoo ya vijana walioanza juzi, na wengi wanaotoka wananung'unika wanakuwa wameingia na kichwa kibovu tangu mlangoni, wamesimama sehemu mbaya, hawajaziba masikio, afu wanailaumu bendi.

Nikisema kongwe namaanisha wale waliokuwepo wakati huu muziki unapikwa au unatoka jikoni. Converge wameanza 1990 kule Massachusetts, na mwimbaji Jacob Bannon na mpiga gitaa Kurt Ballou wapo tangu siku ya kwanza. Hatebreed 1994 Connecticut. Killswitch Engage 1999. Parkway Drive wa Australia na August Burns Red wa Pennsylvania wote 2003, na hao ndio tunawaita vijana! Kama unampeleka mshkaji ambaye hata hajui tunaongelea nini, mwambie metalikoo ni mtoto wa hadikoo panki na hevi metali, kwa mama kachukua hasira na ile tabia ya ukumbi mzima kuimba kwa pamoja, kwa baba kachukua gitaa za kukata na pedali mbili za dramu kubwa, afu katikati ya wimbo kila kitu kinapunguza mwendo na kuwa kizito kama lori limekanyaga breki, hiyo ndo breikidauni, na hapo ndo watu wanapodata.

Kwanza chunguza nani yuko kwenye bendi sasa hivi. Bendi ikifikisha miaka ishirini na kitu lazima watu wametoka na kuingia. Killswitch Engage ndo mfano mzuri, Jesse Leach aliimba mwanzo, akaondoka 2002, akaingia Howard Jones mpaka 2012, kisha Jesse akarudi, kwa hiyo ukienda leo nyimbo za kipindi cha Howard utazisikia kwa koo la Jesse na zinakuwa na ladha nyingine kabisa. Mi niliwahi kusimama pembeni ya jamaa ambaye shoo nzima alikuwa analalamika "mbona siyo yule wa kwenye albamu," bendi yenyewe ilikuwa imebadilisha mwimbaji miaka mingi nyuma, dakika tano tu za kusoma zingemwokoa yeye na zingetuokoa sisi majirani zake.

Afu soma tangazo vizuri. Bendi kongwe siku hizi zinapenda ziara za kuadhimisha albamu, kwamba albamu fulani imetimiza miaka kadhaa basi wanaipiga yote mwanzo mwisho. 2025 Trivium na Bullet for My Valentine walizunguka pamoja hivyo, kila bendi na albamu yake ya 2005. Sasa kama ni ziara ya namna hiyo we ipige hiyo albamu nyumbani kwa mpangilio wake ule ule, usiruke wimbo, maana ukumbini raha kubwa ni ile sekunde mbili za kimya kati ya nyimbo mnapojua wote nini kinafuata. Kama siyo ya maadhimisho, tafuta wamepiga nini kwenye miji mitatu ya nyuma, orodha huwa haibadiliki sana ndani ya ziara moja. Kuna watu wanasema hiyo inaharibu sapraizi, sawa, lakini mi napenda kujua kama wimbo wangu uko mwanzoni ili nisije nikawa chooni. Na tafadhali sikiliza na albamu yao mpya hata mara mbili. Watapiga tatu nne kutoka huko, na ukizijua hutasimama kama nguzo ukisubiri ya zamani.

Tiketi sina mengi. Pitia linki iliyowekwa na bendi yenyewe au ukumbi wenyewe, usianze kwa kutafuta kwenye intaneti, kwa sababu mara nyingi cha kwanza kutokea ni walanguzi. Tiketi zikiisha usikimbilie bei ya kuua, siku za mwisho kabla ya shoo mara nyingi zinaachiwa chache walizokuwa wamezishikilia mpaka wapime steji inakaaje. Ukiuziwa na mtu picha ya tiketi tu, kataa, misimbo ya tiketi nyingi sasa inajibadilisha kila baada ya sekunde kadhaa na picha ni karatasi ya bure. Angalia pia umri unaoruhusiwa na ukubwa wa begi.

Sasa masikio, na hapa naomba unisikilize wakati bado unasikia.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapima hivi: kelele ya desibeli 85 unaweza kukaa nayo saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe, 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, ukifika 100 una dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani nalo 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani, wastani usizidi desibeli 100. Shoo ya metalikoo ndani ya ukumbi uliofungwa inaweza kugonga hiyo 100 na kupita, na hapo una bendi tatu za utangulizi kabla ya bendi kuu, yaani saa tatu nne. Watu wa rika langu walioanza kwenda shoo bila kuziba chochote, wengi sasa wana kile kimlio cha nyiii kinachokuja wakati wa kulala chumba kikiwa kimya. Hakitibiki hicho, unazoea tu.

Kwa hiyo nunua vizibo vya masikio. Vile vya sponji vinakinga vizuri sana ila vinakula sauti za juu, matuazi na maneno yanapotea unabaki na mvumo kama uko chini ya maji. Vile vya mpira laini vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki vinashusha kila kitu kwa uwiano, unasikia muziki ule ule ila mtu kashusha sauti, na cha ajabu mara nyingi unasikia gitaa vizuri zaidi kuliko bila kizibo. Kama ni sponji, usikisukumize tu mlangoni mwa sikio kama kifuniko cha chupa. Kisokote kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia kwa kidole nusu dakika kikivimba ndani. Fanya hivyo bendi ya kwanza haijaanza, gizani huku unasukumwa utaviangusha, niamini mimi niliyewahi kutafuta kimoja sakafuni kwa tochi ya simu kati ya mabuti ya watu.

Mavazi: viatu vya kufunika mguu na kamba imefungwa mara mbili. Herini, pete kubwa, cheni, funguo za kuning'inia, vyote acha. Miwani kama huwezi kuishi bila hiyo basi iwe na kamba nyuma, au kaa mbali na piti, ile sehemu ya mbele watu wanaposukumana na kurukaruka. Simu kwenye mfuko wenye zipu. Kula mapema, kunywa maji, mambo ya kawaida.

Kufika. Muda ulioandikwa kwenye tiketi mara nyingi ni wa kufungua milango, siyo wa bendi kupanda. Wengi wanaona ujanja kuchelewa ili wakwepe bendi za utangulizi, mi naona ni hasara, bendi kongwe ndo huwa zinachagua zenyewe nani azunguke nazo, na vijana watatu wa bendi ya kwanza wanapiga dakika 25 kama mtu anayeokoa nyumba inayoungua kwa sababu hiyo ndo nafasi yao. Pia ukifika mapema meza ya fulana haina foleni na saizi zote zipo. Nunua hapo hapo, ifunge kiunoni au iache sehemu ya kutunzia mizigo, ukisema utarudi mwisho utakuta zimebaki za watoto na za majitu. Na bendi hizi, kwa jinsi muziki unavyolipa kiduchu mtandaoni, ile meza ndo inajaza mafuta kwenye basi lao.

Tuje kwenye kusimama, maana hili ndo linaamua umeona shoo gani. Watu wanadhani mbele kabisa ndo pazuri. Mbele kwenye kizuizi unaona jasho, unaona vidole, na bendi zinazopenda umati mwimbaji atakuletea maiki mdomoni, ni raha yake. Lakini sauti mbele ni mbovu! Maspika makubwa yanakaa pembeni au yananing'inia juu na yameelekezwa kule nyuma kwa watu wengi, kwa hiyo yanakupita juu ya kichwa. Na siku hizi bendi nyingi hazina ule ukuta wa maspika ya gitaa nyuma yao, gitaa zinapita kwenye kimashine kidogo moja kwa moja hadi kwa fundi mitambo, wao wenyewe wanajisikia kwa visikizio vya sikioni. Matokeo yake we uliyepo mbele unasikia dramu tupu na mtu anafoka kwa mbali, gitaa zimeenda wapi hujui. Unaanza kusema wazee wamechoka. Hawajachoka, umesimama vibaya.

Sauti bora ya ukumbi iko pale karibu na meza ya fundi mitambo, mara nyingi katikati kuelekea nyuma, kwa sababu yeye anarekebisha kwa masikio yake na masikio yake yako pale. Simama mbele yake hatua chache. Kwenye metalikoo hili lina maana kuliko kwenye muziki mwingine, gitaa zimelegezwa nyuzi hadi chini sana, zinagombania sehemu moja na besi na ile dramu kubwa, ukikaa kwenye kona au chini ya roshani besi inajikusanya na pedali mbili zinakuwa ngurumo moja ndefu badala ya mipigo unayoweza kuihesabu.

Sehemu ninayoipenda mi binafsi ni ubavuni, robo ya ukumbi kutoka mbele, upande ambao unamwona mpiga dramu bila kuzibwa na matuazi. Hapo uko nje ya piti ila unaiona yote.

Piti sasa. Wazungu wanaiita mosh, jina ambalo kwa Kiswahili linasikika kama moshi, na kweli ukiangalia kwa juu inafanana, watu wanafuka. Inakaa katikati mbele, mita kadhaa kutoka kwenye kizuizi, na haiko wazi muda wote, inafunguka na kujifunga. Jifunze dalili zake. Gitaa zinakatika ghafla, unabaki upatu mmoja wenye sauti ya sufuria iliyopasuka unagonga taratibu, mwimbaji anazungusha kidole hewani, na watu mbele yako wanaanza kurudi nyuma kama wanampisha mgeni. Usidhani wanakupisha wewe. Una sekunde tatu za kuamua unaingia au unatoka.

Akizungusha kidole anataka mduara, watu wanakimbia kuzunguka, hiyo ni rahisi na hata mgeni anaweza, fuata mwelekeo wa wenzako na usisimame ghafla. Akiwagawa watu pande mbili kama Musa na bahari, huo ni ukuta wa kifo, pande zote zitakimbiliana breikidauni ikidondoka, na kama ni mara yako ya kwanza usiwe mstari wa mbele wa upande wowote. Afu kuna wale wa asili ya hadikoo, wanarusha mikono na mateke ya kuzunguka, kwa bendi kongwe wako wengi na wengine wana miaka 45 na magoti ya bandeji ila mkono bado mzito. Hao hawakulengi wewe, wanahitaji nafasi tu, kwa hiyo ukiwa ukingoni usiwape mgongo, mguu mmoja nyuma, mkono umekunjwa mbele ya uso. Mtu akirusha ngumi makusudi kwa watu waliosimama pembeni, hiyo siyo ngoma, mwonyeshe mlinzi.

Sheria ni moja na haijaandikwa popote: mtu akianguka, ananyanyuliwa. Saa hiyo hiyo. Ukianguka wewe, jikunje, magoti kifuani, mikono kichwani, nyoosha mkono mmoja juu ukiona upenyo, mtu ataukamata. Mi nilivuliwa kiatu mara moja kwenye mduara, cha kushoto, nikawa narukaruka kwa soksi kama kuku anayekanyaga majivu ya moto, afu breikidauni ilipoisha nikaona mkono umenyooka juu katikati ya vichwa umeshika kiatu changu, mwenye mkono ni mzee ndevu nyeupe zote, fulana yake ya bendi imepauka mpaka herufi hazisomeki. Akasubiri mpaka nikakivaa, akanishika bega nisianguke nikifunga kamba, hatukusemeshana maana nani angesikia, wimbo uliofuata ukaanza akapotea.

Piti ni tofauti na msongamano, na hapa hakuna utani. Piti ina nafasi na hewa. Msongamano ni pale umekabwa pande zote, huwezi kunyanyua mikono, unasogea bila miguu yako kuamua. Kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, mwaka 2000 walikufa watu 9 mbele ya steji, kwenye tamasha la Astroworld kule Houston 2021 walikufa 10. Ukiona mwili unaanza kuyumba na wimbi la watu, weka mikono mbele ya kifua kama bondia, hiyo nafasi ndogo ndo ya kupumulia, usishindane na wimbi, likikusukuma nenda nalo, likitulia toka kwa mshazari kuelekea pembeni hatua moja moja. Ondoka mapema, wakati bado unajiuliza kama ni mapema mno.

Ukishapata mahali pako, angalia wazee wanavyofanya kazi, maana hicho ndo kitu ambacho bendi changa haiwezi kukuonyesha. Mwimbaji anayefoka kwa miaka ishirini na koo bado lipo hafoki kwa nguvu za koo, mwangalie tumbo na mbavu, mwangalie anavyovuta pumzi kabla ya mstari mrefu akiwa ameupa umati mgongo. Zile hotuba kati ya nyimbo wengine zinawaboa, ila hesabu, ni dakika moja ya mpiga dramu kufuta mikono na kubadilisha fimbo. Kwenye shoo moja nilikaa ubavuni nikaona mpiga dramu kafunga plasta vidole vinne, kila hotuba ikianza anaitazama ile mikono, anakunja anakunjua, anakunywa funda moja kutoka kwenye chupa ya chai yenye mvuke, siyo bia, afu anamwashiria mwimbaji kwa kidevu kwamba yuko tayari, na hapo ndo hotuba inaishia hata kama sentensi haijafika mwisho. Huko kwenye viitikio vya kuimba, mwimbaji anageuza maiki kwenu. Usimwite mvivu. Imba. Baadhi ya hizo sauti hata yeye siku hizi anazipandisha kwa shida na umati unaojua maneno ndo unambeba, ukinyamaza utasikia shimo.

Watapiga kama saa moja na kitu, usitegemee mbili. Na bendi kuondoka stejini kabla ya wimbo mkubwa ni igizo, taa za ukumbi zisipowashwa usitoke.

Simu: rekodi wimbo mmoja, ukiweza sekunde thelathini, uweke mfukoni. Kuna jamaa aliinyanyua mbele ya uso wangu albamu nzima, nyumbani atakuta kelele ya mchanga, kipaza sauti cha simu hakiwezi huo mzigo.

Ukitoka acha umati upungue, panga usafiri kabla kwa sababu watu wote wataita gari dakika ile ile. Masikio yakilia kidogo ukilala ni onyo, yakiwa bado yanalia siku ya pili au upande mmoja umeziba, nenda kwa daktari, usingoje wiki. Shingo nayo utaijua asubuhi. Kama ulitikisa kichwa shoo nzima bila kupasha mwili, mtu akikuita kwa nyuma utageuka na mabega yote mawili kama kabati linalohamishwa, na hiyo inachukua siku mbili tatu kuachia.